Imba Taratibu, Felisbela

Kule Alentejo ngano haikuvunwa kwa mikono peke yake.
Ilivunwa kwa koo.
Mmoja aliimba, arobaini wakakata,
na mundu ulishuka pale tu sauti iliposhuka.

Mabwana walilijua hilo. Kila Juni
Bwana Anselmo Quintela alifika uwanjani
vibarua walipojipanga kabla hakujakucha,
akapapasa mabega ya wanaume kama anunuaye nyumbu,
kisha akauliza: "Yule mwenye sauti yuko wapi?"
Felisbela akajitokeza na gita la marehemu mumewe,
nyuzi tisa; wa kumi ulikatika siku ya mazishi
na hakuununua mwingine.

Walimlipa ujira na nusu.
Nusu ile ilikuwa bei ya haraka.
Aliimba mbio, tukakata mbio,
toka jua hadi jua,
na kama haraka ile ilikuwa na baraka
baraka zake zililala ghalani kwa Quintela.

Nasema "tukakata", lakini mimi nilikuwa mtoto wa maji.
Miaka tisa, mtungi begani.
Nilijua kiu ya kila mtu:
Custódio alikunywa amefumba macho,
Perpétua alisukutua kwanza, akatema vumbi, ndipo akameza.
Siku Leocádia alipoanguka kati ya miganda,
mimba ya miezi saba,
nilimmwagia mtungi mzima usoni.
Wimbo haukusimama.

Hilo ndilo Felisbela hakujisamehe.
Wimbo haukusimama.

Usiku ule alikaa kizingitini,
akagusagusa nyuzi zake bila kuimba.
Sikusikia mtu akipanga njama.
Wenye kofia walipokuja kuniuliza
niliwajibu hivyo hivyo, na ilikuwa kweli.

Kulipokucha alianza wimbo tuliouzoea,
maneno yaleyale, mapenzi na kisima,
ila aliuvuta.
Neno moja alilitandaza kama shuka juani,
akapumua,
akalikunja,
akachukua lingine.
Miundu ikasubiri hewani.
Nikasikia nyenje, mara ya kwanza tangu mavuno yaanze.

"Imba!" nyapara akafoka.
"Naimba."
"Imba kama jana!"
"Jana nilikuwa na haraka."

Utamshtaki vipi mtu kwa kuvuta pumzi?
Sheria gani hupima urefu wa irabu?

Na jua lilipofika pale, saa ya nane tangu kucha,
aliumaliza.
Hakupaza sauti, hakuinua ngumi.
Aliulaza mwisho wa wimbo pale ulipotaka kulala,
akaliweka gita juu ya mganda,
na miundu arobaini ikalala nalo.
Kimya kile kilifika hadi barazani kwa Quintela.
Mpishi wake alituambia bwana alidondosha kijiko,
akabaki akikitazama.

Siku ya sita walikuja askari wa farasi.
Gita lilichukuliwa kuwa ushahidi;
karatasini waliandika: *nyuzi tisa.*
Felisbela alifungwa miezi kumi na mmoja.
Aliporudi sauti ilikuwa imeingia kutu,
na wageni waliomsikia arusini walicheka.
Sisi hatukucheka. Tulikuwa tumeshaujua mwendo.

Zile saa nane hazikuja mwaka ule, wala uliofuata.
Zilipokuja zililetwa na wengi, mashamba mengi,
wengine hawakujua kuimba hata kidogo.
Sitaki kumpa Felisbela lisilo lake.
Lake lilikuwa lile pengo kati ya neno na neno,
ambamo Leocádia aliweza kunyoosha mgongo.

Siku hizi mashine hupita kule bondeni
na haziombi wimbo.
Mtoto wa Leocádia alizaliwa salama: mfupi, mkaidi,
hana sikio la muziki hata chembe.
Ni fundi bomba. Jana alikuja kunitengenezea mfereji,
akachukua mchana kutwa kwa kazi ya dakika kumi.
Nilikaa kibarazani nikamtazama.
Sikumharakisha.